Nakala Tatu

Mimi ni mtendaji wa kijiji, bondeni Pawaga,
mwenye mhuri mmoja uliolika pembeni,
ndiyo maana jina la kijiji chetu husomeka nusu.

Alfajiri alikuja Udawida, hakubisha hodi.
Aliweka kengele juu ya meza yangu,
ulimi wake umefungwa kitambaa ili isilie.
"Ni yule mwekundu," akasema. "Mwenye mimba."
Nikafungua kabati, nikatoa fomu.

Fomu inauliza: mnyama aliyedhuru.
Nikaandika: simba.
Fomu inauliza: idadi ya mifugo.
Nikaandika: moja. Udawida, asiyejua kusoma,
alikuwa akihesabu mwendo wa kalamu.
"Wawili," akasema. "Alibakiza mwezi."
Nikatafuta pa kumweka ndama asiyezaliwa.
Mistari ilikuwa mingi, nafasi haikuwapo.

Fedha hii wameiita kifuta machozi.
Jina zuri. Aliyelitunga bila shaka amewahi kulia.
Ila leso hii ina safari: kata, tarafa, wilaya,
na ikirudi, kama inarudi,
inakuta macho yamejikausha yenyewe.

Tena ina masharti. Mzoga usiguswe
mpaka afisa wanyamapori afike apime meno.
Usichunwe, usiburutwe, usiliwe.
Nyama ya ng'ombe mzima, jua la Oktoba,
na wajukuu wa Udawida wamelalia uji mweupe.

Jioni nikamkuta Gidamoga, mwanawe, dukani.
Hanunui sukari, hanunui betri.
Mkononi kichupa cha dawa ya wadudu wa mpunga,
na ukoo wao hauna hata jaruba moja.

Hakunificha.
Mzoga niliuacha wazi mimi, kwa barua yenye mhuri,
yeye alitaka tu kuutia chumvi.
Nikaiona hesabu yote pale kwenye kaunta:
simba, halafu fisi waliokuja kuokoteza,
halafu tai wa ukingo mzima wa mto,
halafu mbwa wa jirani,
halafu Gidamoga ndani ya karandinga, anapanda milima kwenda Iringa,
pingu zinamtetemesha kwa baridi asiyoijua.
Kwa hilo sheria haihitaji nakala tatu.

Sikumhubiria. Nilisema: njoo tulinde ushahidi.

Tukakesha, mtendaji na mwana wa aliyeibiwa,
tochi yangu, mkuki wake, moto wa mgunga,
na harufu iliyotulazimisha kunyamaza.
Saa nane akaja jike.
Alisimama pale mwanga unapoishia,
mbavu unazihesabu, matiti yamejaa.
Gidamoga akasema polepole, bila kugeuka:
"Naye ananyonyesha."
Hakuuinua mkuki. Hakuushusha pia.
Mimi, msimamizi wa sheria, magoti yangu
yalikuwa yakitunga sheria zao.

Siku ya tatu afisa Mgovano akashuka kutoka mjini
na sweta, akaivua, akalegeza shati,
akapima matundu ya meno kwa rula ya shule.
Zizi lilikuwa na miiba ya kimo gani?
Ng'ombe alikuwa ndani au nje?
Mchungaji alikuwa mtu mzima?
Udawida akajibu yote, kisha akauliza moja:
"Na simba, yeye amejaza fomu gani?"
Afisa akacheka kidogo, akaacha.

Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile.
Nakala moja iko wilayani, moja sijui,
moja imo kwenye droo yangu, na juu yake kengele.
Udawida hajaifuata; husema ataichukua na vingine.
Kitambaa kimelegea. Kila nikivuta droo
kutafuta mhuri, inaanza kulia,
nami huingiza kidole, naushika ulimi
mpaka inyamaze.